Kiwambo cha Nyamizi

Kisanduku cha amplifaya hakikuzidi mkate kwa ukubwa, lakini Nyamizi alipogusa uzi mnene wa gitaa lake la besi, vikombe vya chai juu ya meza vilianza kusogea vyenyewe. Kimoja kilifika ukingoni. Shija, mpiga ngoma, alikidaka bila kuacha kukanyaga pedali.

Mihayo, kiongozi wa bendi, aliinua mkono. Muziki ukakatika.

"Nasikia lori linapita," alisema. "Noti sisikii."

Nyamizi aliinamisha uso. Alikuwa msichana wa maneno machache, na hata alipokuwa na jibu alilimeza kwanza ili alionje.

"Harusi ni Jumamosi," Mihayo aliendelea. "Sina ugomvi na wewe, mdogo wangu. Lakini bendi zote mjini zina mpigaji-bandia siku hizi. Ni mashine: unaiwekea wimbo, inapiga besi, haiumwi, haichelewi. Mimi nimekataa kwa sababu napenda kidole cha mtu. Sasa hicho kidole nikisikie."

Tabora ya wakati huo ilikuwa imejengwa kwenda juu, kwa mbao za miombo zilizoshikanishwa kwa gundi hadi zikawa ngumu kama chuma. Maghorofa hayo yalikuwa na adui mmoja, mtetemo. Spika kubwa za zamani zililegeza maungio yake, na siku moja ngazi nzima ya jengo la soko ilidondoka katikati ya sherehe. Baraza la jiji likapiga marufuku amplifaya yoyote iliyozidi ukubwa wa mkate. Wapiga solo hawakuumia. Walioumia ni wapiga besi, kwa sababu sauti nzito inataka kusukuma hewa nyingi, na spika ndogo ya karatasi husukuma hewa kama mtoto anayepuliza uji.

Ndipo kiwanda kimoja kikatengeneza kiwambo-hai. Mahali pa karatasi pakawekwa ngozi iliyooteshwa kutokana na chembe hai za mnunuzi mwenyewe. Fundi alipitisha pamba ndani ya shavu lako, ukaenda zako, na baada ya muda ukapewa kisanduku chenye kipande chako mbele yake. Chembe zilikuwa lazima ziwe zako, kwa kuwa kuotesha nyama ya mtu mwingine kulitaka vibali vingi. Nyama yako mwenyewe sheria iliihesabu kama ukucha au nywele. Ngozi hiyo ilijikaza na kujilegeza kulingana na sauti, jambo ambalo karatasi haiwezi, na kwa hiyo kisanduku kidogo kikaweza kunguruma kama spika kubwa za zamani.

Kiwambo cha Nyamizi kilikuwa na rangi ya ndani ya shavu na unyevu wa ndani ya shavu. Asubuhi kilinuka kama mdomo usiopigwa mswaki. Kila siku alikinyunyizia maji ya dawa kama maelekezo yalivyosema, akigeuza uso pembeni.

Siku hiyo alibaki peke yake chumba cha mazoezi. Alikuwa amefanya kosa ambalo wapiga besi wengi hufanya: alitaka sauti nene, akapandisha kitufe cha besi hadi mwisho, akakiweka kisanduku sakafuni, kwenye kona. Kona na sakafu huongeza mvumo, na mvumo humeza noti. Alikiinua juu ya kigoda, akakisogeza mbali na ukuta. Akashusha kitufe cha besi hadi chini ya nusu, akapandisha sauti za kati, kwa sababu sikio huitambua noti kwa sauti za kati, si kwa ule mngurumo wa chini. Akapiga tena kwa ncha ya kidole, polepole.

Sasa noti ilisikika. Ilikuwa safi, nyembamba, kama mtu mwenye njaa anayeongea vizuri.

Kesho yake Shija alisikiliza, akatikisa kichwa. "Dada, hicho kitu chako hakijala."

"Hakili. Kinanyunyiziwa maji ya dawa."

"Wewe ukinyunyiziwa maji ya dawa mwezi mzima, utaimba?"

"Mimi siimbi."

"Ndiyo maana huimbi." Shija alicheka peke yake, kisha akakiangalia kisanduku machoni, kama kingekuwa na macho. "Kiletee makongoro. Bibi yangu alivunjika nyonga, akanywa supu ya makongoro, akarudi shambani. Anakimbia kuliko mimi."

"Hiki hakina nyonga."

"Kina wewe ndani yake. Wewe una nyonga."

Ulikuwa upuuzi, na Nyamizi alijua ni upuuzi. Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja. Mchana Shija alirudi na supu ya miguu ya ng'ombe ndani ya kikopo, akachovya kitambaa, akakipitisha juu ya kiwambo taratibu kama anayempaka mtoto mafuta. Supu ikakaa juu ikimetameta. Kisha, mbele ya macho yao, ikaingia. Kiwambo kiliinyonya hadi pakakauka.

"Umeona?" Shija alinong'ona. "Kimeramba."

Nyamizi alitoka nje, akatema mate kwenye mtaro mara kadhaa.

Lakini aliporudi na kupiga, sauti ilikuwa imejaa. Kila siku walipokilisha, ilijaa zaidi. Noti zilitoka za mviringo, zenye uzito na mkia mrefu, na zilikatika pale pale aliponyanyua kidole. Mihayo alifumba macho akisikiliza, na alipoyafumbua alisema neno moja tu, "Hapo." Kwa Mihayo hilo lilikuwa sifa kubwa.

Kiwambo nacho kilibadilika. Kiliota tabaka la mafuta. Pembeni kikaota unywele mmoja mweusi, mgumu, na Nyamizi aliutambua: ulifanana kabisa na ule uliokuwa ukimwota kidevuni, ambao kila mara aliung'oa kabla mtu hajauona. Kikaanza kunuka supu iliyochacha, na katikati yake, chini ya ngozi, likajitokeza fundo la ukubwa wa punje ya harage. Alipolibonyeza, kiwambo kizima kilirudi nyuma.

Hakulibonyeza tena. Alikifunga kisanduku ndani ya khanga, akakipeleka dukani kwa waliomuuzia.

Fundi wa zamu aliitwa Kalunde, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani ya kukuzia hata alipokuwa akiongea na watu. Alikifungua kisanduku, akanusa, akaegemea kiti.

"Umekilisha."

"Ndiyo, dada."

"Supu gani?"

"Makongoro."

"Afadhali. Kuna mteja wa Kigoma hukinywesha chake mchuzi wa samaki, migebuka. Hapa tukikifungua, tunafunga duka kwa harufu." Aliligusa fundo kwa sindano butu. Kiwambo kikajikaza ghafla na kutoa mlio mfupi, mzito. Nyamizi alisikia kama ameguswa yeye mgongoni.

"Hilo ni nini?"

"Mishipa ya fahamu. Tuliiacha makusudi. Ngozi isiyo na mishipa inalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Yenye mishipa, ikipigwa inajikaza, na huo mkazo ndio sauti nzuri unayoisikia. Kwa maji ya dawa mishipa inabaki michache. Ukiilisha, inaongezeka, inajikusanya, inafanya fundo. Fundo likikua sauti inanona."

Nyamizi aliivuta khanga karibu. "Kwa hiyo kinaumia."

"Maumivu ni ya mwenye ubongo. Hicho hakina."

"Fundo ni nini, kama si mwanzo wa ubongo?"

Kalunde alivua miwani. Macho yake yalikuwa madogo kuliko Nyamizi alivyotarajia, na yamechoka. "Mdogo wangu, mimi nimeajiriwa kukata. Vinaletwa, nakata. Nikikata hili sasa hivi, kitatulia. Ila Jumamosi hutakuwa na besi. Kitakuwa kimelegea hadi mwezi ujao."

"Na wengine wanaamuaje?"

"Wengine hawaulizi kinaumia au hakiumii. Wanauliza kama fundo linaweza kukua zaidi."

Nyamizi alikitazama kile kitu kilichotokana na shavu lake, kinene, kimelowa. Akaona uso wa Mihayo akisema "Hapo". Akakifunga tena ndani ya khanga.

"Nitakileta Jumatatu," alisema.

Kalunde alikuwa amesharudisha miwani usoni.

Harusi ilikuwa mchana, ukumbi wa chini wa jengo refu, na watu walikuwa wengi hadi milangoni. Nyamizi alikiweka kisanduku juu ya kiti, usawa wa kiuno chake. Wimbo wa kwanza ulipoanza, mashangazi wa bibi harusi waliinuka wote kwa pamoja. Besi ilipita chini ya miguu yao kama mtu anayewanyanyua. Mzee mmoja alimpungia Shija mkono, akidhani sauti ile inatoka kwenye ngoma.

Ulikuwa wimbo walioufanyia mazoezi juma zima. Katikati yake Nyamizi alihisi kuna jambo haliko sawa na mkono wake. Alidhani anachelewa. Akaharakisha kidogo, lakini bado sauti ilikuwa mbele. Akautazama mkono, akasikiliza. Noti ilianza kusikika kabla kidole hakijafika kwenye uzi.

Ilitangulia kwa nukta ndogo sana. Hakuna aliyecheza ambaye angeitambua. Walichotambua ni kwamba besi ilikuwa na hamu, inawavuta, na walishangilia.

Wimbo uliporudi kwenye kiitikio, Nyamizi alinyanyua mkono kama anayetaka kupiga, akauacha hewani.

Noti ikalia.

Ikalia na iliyofuata. Kiwambo kiliujua wimbo. Kilijua kipigo kinakuja wapi, na kila kipigo kilipokaribia, kiwambo kilijikaza kukingoja. Mkono wake ulikuwa juu, mtupu, na kiwambo kiliendelea kujikunyata mara baada ya mara, kwa mpigo sahihi, na kila kujikunyata kulitoa ile sauti nene, ya mviringo, nzuri. Bibi harusi alikuwa ametupa viatu. Watu walicheza, wanatoa jasho, wanacheka, na walichokuwa wakikicheza ni woga wa kipande cha nyama.

Nyamizi alichomoa waya, akakikumbatia kisanduku, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mihayo alimkuta kwenye kibaraza, amekaa kwenye ngazi, khanga imefunika mapaja na kisanduku pamoja. Ndani Shija alikuwa akiendelea kupiga ngoma peke yake ili sherehe isife.

"Watu wamesimama. Rudi."

"Kinaniogopa, kaka."

"Nani?"

"Hiki. Kinajua nitapiga wapi. Kinajikaza kabla."

"Si ndiyo besi yenyewe hiyo? Inawahi." Mihayo alichuchumaa mbele yake, akapunguza sauti, kwa upole ambao ulimchefua Nyamizi kuliko kama angemkemea. "Sikiliza. Niliona uliponyanyua mkono. Kilipiga peke yake. Kama umechoka, pumzika. Kaa hapa, kula pilau. Mimi nipe kisanduku tu."

Nyamizi alimwangalia. Huyu ndiye aliyesema anapenda kidole cha mtu.

"Hapana," alisema.

"Unaninyima kisanduku?"

"Nyama ni yangu. Kisheria ni kama ukucha wangu."

"Nani anagombania ukucha, Nyamizi?"

"Wewe."

Mihayo alinyanyuka, akajipangusa magoti. "Ukiondoka nacho sasa hivi, mazoezini usije. Nitaleta mpigaji-bandia."

"Sawa, kaka. Sitakuja."

Gitaa alilisahau ndani na hakulirudia. Alitembea na kisanduku kifuani, na kupitia khanga alihisi kikishtuka kila pedali ya Shija ilipogonga kule nyuma. Walipopita karibu na fundi seremala kikashtuka kwa nyundo. Akavuka barabara, akaingia mtaa wa nyuma wa maghala, mahali ambapo mbao nene za kuta zilizuia kelele. Huko akakaa juu ya gogo, akakifunua.

Kilikuwa kimelegea. Hakuwahi kukiona kimelegea kiasi kile, kimelala mbele ya kisanduku kama ulimi wa mtu aliyesinzia. Kilinuka makongoro na mdomo. Unywele ulikuwa pale pale. Alipofikiria Kalunde akilikata fundo, alijua kukatwa nako ni kipigo, tena kisichozoeleka. Na alipofikiria kukiacha, alijua kila mlango utakaobamizwa kitausikia. Mate ya kichefuchefu yalimjaa mdomoni. Akayameza.

Akaweka kiganja juu yake, taratibu, kukituliza.

Kiwambo kikajikaza chote, kutoka ukingo hadi ukingo, na kwa kuwa betri ya kisanduku ilikuwa bado inawaka, ikatoka noti. Ilikuwa safi na nzito, haina mvumo, kila sehemu yake imekaa mahali pake. Hajawahi kupata sauti nzuri kama hiyo.

Aliuondoa mkono haraka. Kisha akaukalia, usije ukairudia noti ile.