Nyota Tatu za Mkaguzi wa Mizani

Mkaguzi wa mizani aliipa nyumba ya Fundi nyota tatu kati ya tano, na Fundi alikuwa amekwisha kumpenda. Shida yenyewe ndiyo hiyo. Nyota hizo zingetoka kwa mgeni mwingine, Fundi angeguna kidogo na kurudi kwenye randa yake.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya wageni ghorofani, juu ya karakana ya useremala. Wageni waliviona mtandaoni, kwenye kampuni moja ya kupangisha vyumba kwa siku, na kila aliyeondoka aliombwa na kampuni aandike maoni na atoe nyota. Mwenye wastani wa nne na nusu kwenda juu anaonekana ukurasa wa mbele. Aliye chini ya hapo anatupwa nyuma huko, ambako hakuna mtu mwenye subira ya kufika. Fundi alikuwa na maoni kumi na tisa, na wastani wake ulikuwa umeuvuka mstari huo kwa unywele. Nyota tatu za Mkaguzi zikaushusha.

Aliandika hivi: “Kitanda ni kizuri kuliko vyote nilivyolalia safarini. Chumba kisafi. Mwenyeji ni mtu wa watu. Tangazo linasema maji ya moto saa zote. Maji ya moto yanatoka dakika nne, kisha ni baridi. Nilipima siku zote tano.”

Hakuna uongo hata neno moja. Hapo ndipo palipouma.

Walikuwa wamekutana buchani, saa ya watu wengi. Fundi alikuwa wa nne kwenye foleni, shati limejaa vumbi la mbao, alipoingia mwanamke mwenye suruali ya kaki, kilemba chekundu na sanduku la mbao lililomvuta bega upande mmoja. Alilitua juu ya kaunta, akatoa jiwe la shaba la kilo moja na kuliweka kwenye mizani.

“Samahani jamani, mizani kwanza, nyama baadaye.” Akainama kutazama mshale. “Mzee, kilo yako inaanzia gramu mia tisa na kumi.”

“Huo ni upepo, mama,” akasema muuza nyama. “Mlango uko wazi.”

“Upepo wa gramu tisini? Basi shikilieni paa.”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Fundi alicheka kuliko wote, na Mkaguzi akamgeukia.

“Wewe unayecheka, unanunua hapa tangu lini?”

“Miaka sita.”

“Basi cheka taratibu. Unamdai mbuzi mzima.”

Fundi alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na ilikuwa muda mrefu hajakosa la kumjibu mwanamke. Akaangalia chini, akaliona sanduku. “Bawaba yako imelegea,” akasema. “Siku moja mawe yatakuangukia miguuni.”

“Wewe fundi?”

“Seremala. Karakana yangu iko mtaa wa pili.”

Bawaba ikatengenezwa mchana uleule. Katika kungoja, Mkaguzi akasema nyumba ya wageni wa serikali imejaa watu wa mkutano na hajui atalala wapi. Fundi akamwonyesha ngazi. Ofisi yake ikalipia chumba kwa njia ya ile kampuni ya mtandaoni, kwa sababu ofisi haitambui malipo yasiyo na risiti.

Alikaa siku tano. Mchana alizunguka masokoni na mawe yake. Jioni alioga, akavaa gauni la buluu lenye madoadoa meupe, akashuka karakanani na kukaa kwenye benchi, miguu mitupu ndani ya maranda ya mbao.

“Fundi, mbona unapima mara mbili?”

“Nikikata vibaya, ubao haurudi.”

“Ungekuwa mkaguzi mzuri.”

“Niliishia darasa la sita.”

“Mimi nina diploma na siwezi kunyoosha msumari. Nipe hiyo futi nikushikie.” Akashika upande wa pili wa ubao. “Halafu maji yako ya moto yanachoka mapema. Unajua?”

“Nitayatazama.”

“Utayatazama, au unanitazama mimi?”

Fundi akagonga kidole chake mwenyewe kwa nyundo. Maji hakuyatazama.

Siku ya kuondoka alimbebea sanduku mpaka kituoni. Mkaguzi akamwambia, “Ukitaka kuniita mpenzi, anzia kwenye simu. Uso kwa uso utatetemeka.” Na kweli alianzia kwenye simu. Kwa siku tisa walipigiana kila saa saba mchana, yeye akila mkate mezani kwake ofisini, Fundi akiwa ameketi juu ya rundo la mbao, akitabasamu peke yake kama mtu aliyerogwa.

Siku ya kumi maoni yakatokea, na Dada akashuka ngazi huku simu ameinyanyua juu.

Dada alikuwa ndiye mkubwa wake, na alikuwa mama yake vilevile. Mama yao alipofariki Fundi alikuwa na miaka kumi na mmoja, na Dada akafua nguo za watu miaka ishirini hadi vidole vikapinda. Randa ya kwanza ya Fundi ilitoka kwenye maji yale ya sabuni. Sasa vyumba vilikuwa mikononi mwake: yeye alitandika, yeye alipiga picha, yeye alijibu ujumbe wa wageni. Kwake ilikuwa mara ya kwanza kufua shuka na kuziita zake.

“Huyu ndiye uliyembebea sanduku?” akauliza. “Kala mayai yangu, kalalia kitanda ulichokichonga, katupa nyota tatu!”

“Dada, maji kweli yanapoa.”

“Yanapoa! Na wale kumi na tisa walikuwa wanaoga wapi? Mpigie. Mwambie abadilishe.”

Fundi akampigia. Saa saba ilikuwa bado, na Mkaguzi alipokea akicheka.

“Umewahi leo. Umenikumbuka hivyo, mpenzi?”

“Nimekukumbuka. Ee... nimeona ulichoandika.”

“Kuhusu kitanda? Nilikuwa nakwambia kila siku.”

“Kuhusu nyota.” Akameza mate. Dada alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni. “Ungeongeza mbili tu. Watu wote wanatoa tano. Ni kama salamu.”

Upande wa pili mtu akasikika akigonga muhuri kwenye karatasi.

“Nikienda kwa muuza nyama,” akasema Mkaguzi polepole, “naye ananiambia wenzangu wote wanapitisha. Fundi, nilikwambia kwa mdomo, siku ya pili. Tengeneza maji, uniambie, nitaandika tena kwamba yametengenezwa. Lakini usinipigie simu ya mapenzi mwenye nyumba akiwa ndani yake.”

Akakata. Kesho yake saa saba simu ya Fundi haikulia.

Angeyatengeneza siku ileile, mengine yasingefuata. Lakini kutengeneza tangi la maji ya moto kulihitaji siku nne bila wageni, na Dada hakutaka kusikia. Mgeni wa wiki iliyofuata akaghairi, na aliyefuata naye akaghairi. Asubuhi moja Fundi, akiwa na msasa mkononi, alipanda ghorofani akamkuta Dada akipiga picha meza ya chumbani. Ilikuwa meza aliyoitengeneza mwenyewe, na juu yake palikuwa na alama nyeusi ya pasi. Alama hiyo ilikuwa na miezi miwili. Dada mwenyewe ndiye aliyeiweka, siku aliyokimbilia kuondoa sufuria jikoni.

“Unafanya nini?”

“Kampuni ina sehemu ya malalamiko. Tunasema ni yeye aliyechoma. Akiondoa maoni, tunaondoa malalamiko. Wenzetu wote wanafanya hivyo, na wageni huwa wanaondoa.”

“Dada.”

“Nini? Una wazo lingine?”

Fundi alikuwa na maneno mdomoni. Akatazama vile vidole vilivyopinda vikiishika simu. Akashuka chini, akaendelea kupiga msasa. Baadaye alijiambia mara nyingi kwamba hakuandika yeye. Lakini ujumbe ulitoka na jina lake na picha yake juu, na alikuwa amesimama palepale.

Jambo ambalo hawakulifikiria ni kwamba chumba kilikuwa kimekodiwa na ofisi. Malalamiko hayakwenda kwa Mkaguzi. Yalikwenda kwa mkuu wake.

Siku ya tatu simu ikalia.

“Wamenisimamisha safari,” akasema Mkaguzi. Sauti ilikuwa kavu, ya kazini. “Wanachunguza kama nilichoma mali ya mtu nikaficha. Mimi, ninayeingia maduka ya watu na kuwaambia wanaiba. Unajua soko litasemaje?”

“Mpenzi, yule ni Dada...”

“Sikuulizi habari za dada yako. Nakuuliza wewe. Ile meza uliyoniambia uliipiga vanishi mara saba. Niliichoma mimi?”

“Hapana.”

“Ulijua anaandika?”

Fundi akafumba macho. “Nilijua.”

“Basi andika hivyo. Usiniambie mimi. Mimi najua.” Na simu ikakatika, na alipompigia tena haikuita.

Jioni ile alimkuta Dada akikunja shuka. Akakaa kitandani, jambo ambalo Dada hakulipenda.

“Ile kampuni ikijua malalamiko ni ya uongo inafanyaje?”

“Wanafunga ukurasa. Moja kwa moja, haufunguliwi tena. Kwa nini?”

“Nawaandikia.”

Dada akaweka shuka chini. “Utanifungia mkate wangu kwa ajili ya mwanamke wa siku tano?”

“Yeye mkate wake tumeshaufunga.”

“Ana mshahara! Ana ofisi! Mimi nina nini? Nina hivi vyumba na wewe.”

“Unanijua tangu nikiwa mtoto. Uliwahi kunifundisha kumsingizia mtu?”

“Nilikufundisha kula!” Dada alikuwa akilia sasa, akifuta macho kwa foronya. “Andika. Lakini siku unayoandika, mimi naenda kwa shangazi. Sitaki kuziona hizi ngazi.”

Kuandika kulimchukua siku mbili. Mtu aliyeishia darasa la sita anaweza kupiga hesabu ya paa zima kichwani na bado akatoka jasho mbele ya karatasi. Alichana nne. Ya tano ilisema kwamba alama ya pasi ni ya nyumbani kwake, imekuwepo kabla ya mgeni, na kwamba malalamiko yalitumwa ili kumtisha aondoe maoni ya kweli. Kisha akaongeza: “Dada yangu alituma, mimi niliona nikanyamaza. Kwa hiyo tumetuma wote.” Nakala moja akaituma kampuni. Nyingine akaikunja, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi vibaya kwa sababu aliyekuwa akimpigia pasi alikuwa ameondoka, akasafiri mwendo wa saa tano mpaka ofisi ya vipimo.

Mkuu wa ofisi aliisoma akiwa amesimama, tena kwa sauti, na makarani watatu wakaacha kuandika. Mkaguzi alikuwa mezani dirishani, na kilemba chake chekundu. Hakuinua kichwa.

“Bwana, umesafiri kutwa kuja kujishtaki?” akauliza mkuu.

“Ndiyo.”

“Haya. Jalada litafungwa.” Akamtazama Mkaguzi kwa pembe ya jicho. “Na wewe mtoe nje huyu mtu, kabla hajaanguka.”

Nje palikuwa na ukuta mfupi kando ya maegesho. Wakakaa, sanduku la mawe katikati yao. Mkaguzi alilibeba kwa mazoea tu, hakuwa na pa kwenda nalo.

“Shati gani hilo?” Mkaguzi akauliza.

“Dada kaondoka.”

“Ah.” Akafuta vumbi juu ya sanduku. “Nilikuchukia, ujue. Si kwa ile picha. Kwa sababu ningeulizwa mwezi mmoja nyuma nani anaweza kunifanyia hivyo, ungekuwa wa mwisho kwenye orodha.”

“Sasa niko wapi?”

“Sijui. Bado napima.”

“Pima mara mbili,” akasema Fundi, na sauti ikamtetemeka, kama alivyoambiwa ingemtetemeka uso kwa uso. “Sikuja kuomba nyota. Zile tatu ziache zilivyo. Nimekuja kwa sababu saa saba ikifika sijui niifanyie nini.”

Mkaguzi akacheka bila kutaka, akaziba mdomo kwa kiganja. Kicheko kilipoisha, macho yake yalikuwa na maji.

“Mwisho wa mwezi nina likizo ya siku nne,” akasema. “Lakini mimi kwenye chumba kile silali tena. Mara ya kwanza nililala nikashtakiwa.”

“Usije kama mgeni.”

“Nije kama nani?”

Fundi akalisogeza sanduku pembeni, kwa mikono miwili maana lilikuwa zito, akasogea akakaa pale lilipokuwa. “Kama mwenye nyumba,” akasema.

Mkaguzi akamlegeza kola, akaigeuza upande wa sawa, akaiacha mikono yake palepale.

Wakaoana miezi mitano baadaye. Gharama yake ilikuwa hii. Ukurasa ulifungwa siku ya pili baada ya barua, na maoni yote ishirini yakapotea pamoja nao, ya Mkaguzi yakiwemo. Vyumba vilikaa vitupu miezi saba, hadi mwalimu mmoja alipopanga kimoja. Cha pili kimejaa mbao. Jalada lilichelewa kufungwa, Mkaguzi akakosa safari za wiki sita, na katika wiki hizo nafasi ya ukaguzi mkuu ikapewa mwenzake aliyeingia kazini miaka mitatu baada yake. Dada hakuja harusini. Alikaa kwa shangazi wiki thelathini na moja, simu hakupokea hata moja, na siku aliyorudi alisimama nje ya mlango na kupiga hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nyumba ijengwe.