Babu Aliyekatwa Kwenye Picha

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Jawaher alimchemshia bibi yake chai. Alijua namna Bibi Mahbuba anavyoipenda: maziwa kidogo, iliki ya kuponda, na karafuu za kutosha kuifanya nyumba yao ya Bawshar inukie hadi uani. Siku hiyo sufuria ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutoa mvuke, kengele ya mlango ikalia mfululizo, kama anayeibonyeza hana nia ya kuondoa kidole.

Alikuwa Nawar, mwenzake wa darasa la saba. Baba yake amebaki garini nje ya geti, injini inanguruma. Nawar hakusalimia. Alipita moja kwa moja hadi kwenye meza ya chakula na kukunjua bango kubwa la karatasi nzito, lile bango walilokuwa wakilitengeneza pamoja kwa ajili ya maonyesho ya wazazi skulini. Kazi yao ilihusu kilimo na utajiri wa Waingereza. Nawar aliandika upande wa Uingereza, Jawaher akaandika upande wa Zanzibar, walikotoka wazee wa wote wawili kabla ya kuhamia nchi hii ya Waarabu. Chini kabisa Jawaher alikuwa amemchora marehemu babu yake, Babu Marhoon, yuko juu ya mkarafuu anachuma, kanzu yake nyeupe, kilemba kichwani.

Sasa pale alipokuwa Babu Marhoon palikuwa na tundu, na kitambaa cha meza kilionekana upande wa pili.

"Umemkata babu yangu," Jawaher alisema. Sauti yake ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Nimemkata, kwa mkasi. Wapi umeona mtu anachuma karafuu na kilemba? Alikuwa akitoka huko anakwenda harusini?"

Jawaher alimwambia ni hasidi, kwamba roho inamuuma kwa sababu kwao hawakuwa na shamba. Nawar akamjibu kwamba afadhali kukosa shamba kuliko kukosa haya. Walikuwa wamefika hapo Bibi Mahbuba alipotokea mlangoni na fimbo yake. Alilitazama lile tundu kwa muda mrefu, kisha akamtazama Nawar kuanzia viatu hadi ushungi.

"Kwetu Pemba watu walikuwa wakija kuomba kazi," alisema. "Na walikuwa wakiingia kwa adabu."

"Najua, Bibi," Nawar akajibu. "Bibi yangu Radhia alikuwa mmoja wao. Akichuma kwenye mashamba ya watu kama nyinyi."

Alipofika mlangoni aligeuka na kusema hatasimama kando ya picha ile hata akiburutwa. Gari likaondoka kurudi kwao Wadi Kabir. Jikoni maziwa yalikuwa yamefurika na kuzima moto.

Maneno ya Nawar yalikuwa na uzito, kwani mwalimu wao, Ustadha Hamdiya, alikwisha kuwaambia kwamba kazi ni moja na majina ni mawili. Mmoja akijitoa, wote wawili wameanguka. Nayo maonyesho yalikuwa keshokutwa, na Bibi Mahbuba alikwisha kuwaalika mashoga zake waje wamsikie mjukuu wake.

Jawaher aliapa kwamba atamchora babu upya, mkubwa zaidi, na atamchora sawasawa ili ulimi wa Nawar ukose pa kushika. Alichukua penseli akakaa miguuni pa bibi yake na kumuuliza babu alikuwa akipanda vipi, kwa ngazi au kwa kukanyaga matawi. Pakacha la karafuu akilitundika wapi?

"Babu yako hakuwa akipanda," Bibi alisema. "Alikuwa na watu."

"Watu gani?"

"Wachumaji. Wanakuja msimu ukianza, wakimaliza wanakwenda zao. Babu yako anafika na punda wake, anatazama kazi, anarudi."

Jawaher akauliza majina yao. Bibi Mahbuba alifikiri. Punda alimkumbuka, akiitwa Mwendambele, na hata rangi ya tandiko lake aliikumbuka. Mchumaji hakumkumbuka hata mmoja. Akakasirika, kama watu wazima wanavyokasirika wanapoulizwa jambo wasilowahi kujiuliza.

"Nna umri huu, leo nahojiwa nyumbani kwangu? Mchore vilevile juu ya mti. Nani atauliza? Shamba lake, karafuu zake, kazi yake."

Basi Jawaher akaziba tundu kwa karatasi, akamchora. Mkono ulikwenda kwa uzito, lakini ulikwenda.

Asubuhi darasani Nawar aliliona bango kabla halijatua mezani. "Kumbe amerudi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Safari hii mbona hukumpa na miwani ya jua?" Wenzao waliangua kicheko. Jawaher alimsukuma, Nawar akamshika mkono, na bango lilikuwa karibu kupasuka Ustadha Hamdiya alipoingia. Aliwapeleka chumba cha pembeni, akafunga mlango, wala hakuuliza nani ameanza. Alimwamuru Jawaher asome kwa sauti sehemu aliyoandika mwenzake.

Jawaher alisoma kwa shingo upande. Zamani, Nawar aliandika, wanavijiji wengi wa Uingereza walikuwa na ardhi ya kutumia kwa pamoja, wakilisha ng'ombe na kuokota kuni. Kisha matajiri wakatunga sheria na kuizungushia ua, mahali pengine wakafuga kondoo kwa ajili ya sufu, na maskini wengi wakaenda mijini kufanya kazi viwandani. Viwanda vikataka pamba, watu wakataka sukari na chai. Waingereza wakavilimisha vitu hivyo kwenye nchi za wengine, kwa mikono ya wengine, na vitabu vyao vikasifu juhudi zao wenyewe.

"Hayo maneno ya mwisho umeyaonaje?" Ustadha aliuliza.

"Ni uongo," Jawaher alisema. "Wanasifiwa kwa kazi wasiyoifanya."

 Ustadha aligeuza macho, akaitazama ile picha ya mzee aliye juu ya mkarafuu na kanzu isiyo na doa. Masikio ya Jawaher yakawaka moto. Nawar alikuwa na nafasi ya kucheka hapo, naye hakuitumia. Ustadha aliwaambia kwamba yeye hatakata wala hatafuta kitu. Wataamua wenyewe kabla wazazi hawajafika.

Siku ya maonyesho Bibi Mahbuba alikaa safu ya mbele, udi unanukia, mashoga zake kulia na kushoto. Nawar alikuja, lakini alisimama mbali na bango, mikono kifuani. Jawaher alieleza habari za Uingereza, akaeleza namna serikali ya Waingereza ilivyotoza ushuru karafuu za Zanzibar zilizosafirishwa nje. Alipofika kwenye picha, aliweka kidole juu ya ile kanzu nyeupe. 

"Picha hii si ya kweli," alisema. "Babu yangu alikuwa mwenye shamba. Juu ya mti hakupata kupanda. Waliochuma ni vibarua, na zamani zaidi, kwenye mashamba kama yale, walichuma watumwa. Bibi Radhia, bibi yake Nawar, alichuma karafuu kwa mikono yake. Mimi nilimpa babu yangu kazi yao."

Fimbo ya Bibi Mahbuba ilipiga sakafu. "Jawaher," aliita kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ilimtisha mtoto kuliko ukelele. Shoga mmoja alisonya. Baba mmoja nyuma alinong'ona kwamba hayo si ya kusema mbele za watu.

Ustadha Hamdiya akasogea, akasimama kando ya Jawaher.

"Kuwalaumu Waingereza ni rahisi, wako mbali," alisema. "Lakini ukweli unaoonyesha nyumba ya jirani na kuiruka nyumba yako ni umbea tu. Mwenye shamba hapungui heshima akiitwa mwenye shamba. Heshima inampungua anapovishwa jasho la mwenzake. Leo Jawaher amemvua babu yake nguo isiyokuwa yake, na kazi yake na Nawar nimeipokea."

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi Mahbuba aliinuka, na wote walidhani anaondoka. Alivuka ukumbi taratibu mpaka mbele ya Nawar.

"Wewe ulimi unao," alisema kwa ukali. "Siku ile kwa nini hukusema? Kwa nini ukatumia mkasi?"

Nawar aliishusha mikono kutoka kifuani.  Alimtazama Jawaher, akamtazama Bibi Mahbuba, na aliposema sauti haikuwa ile ya kila siku.

"Sikutaka babu yake atoke, Bibi," alisema. "Nilitaka bibi yangu awemo."