Dawa ya Marehemu Nathanaeli

Yunisi alikutwa amekufa kitandani kwake, kijijini Mkiwa, akiwa na ujauzito wa miezi sita. Majirani hawakusubiri uchunguzi. Walisema amelishwa sumu na mumewe, Ezekieli, maana siku zile walikuwa hawaelewani, na Ezekieli akawekwa mahabusu.

Chini ya mto Inspekta Simeoni aliokota bahasha ya vidonge yenye mhuri wa famasi moja ya Singida Mjini. Ripoti ya maabara ilichelewa, lakini ilipofika ilisema wazi: dawa ya moyo, nyingi kupita kiasi. Daktari aliyepasua mwili alishangaa, kwa sababu moyo wa Yunisi ulikuwa mzima. Alichopungukiwa ni damu.

Famasi ilikuwa ya Abdulmajidi. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, maduka ya dawa yaliota mjini kama uyoga, na kila mwenye kabati la kioo aliitwa daktari.

"Ulimuuzia nani?"

"Mama mmoja mtu mzima, afande. Alikuja na cheti cha hospitali, jina Nathanaeli. Akasema mgonjwa hajiwezi, yuko nyumbani."

"Cheti cha lini?"

Abdulmajidi aliinamisha kichwa. "Tarehe sikuangalia. Niliona mhuri."

Simeoni alilijua jina hilo. Nathanaeli alikuwa kaka yake Yunisi, na faili la ajali yake alilishika yeye mwenyewe. Aligongwa na lori pale njia panda ya Mkiwa, mwaka wa tatu sasa. Mtu wa kumnunulia marehemu dawa alikuwa mmoja tu.

Alimkuta Martha, mama yao, akipepeta mtama. Alimwamkia shikamoo, akaketi, akamwonyesha bahasha.

"Mama, unaijua hii?"

"Nilinunua mimi." Hakusita hata kidogo. "Binti alikuwa anahema, moyo unamwenda mbio, miguu imevimba. Nathanaeli naye alikuwa hivyo hivyo. Daktari alimwandikia, akapata nafuu, akarudi shambani. Karatasi ninayo, nimhangaishe binti na foleni ya hospitali kwa nini?"

"Ulimpa vingapi?"

"Kama vya kaka yake. Alipozidiwa nikamwongezea. Lakini sumu ya Ezekieli ilikuwa imeshamwingia."

Simeoni alitamani mtu mwingine aje aseme badala yake. Hakuwepo.

"Mama, Ezekieli hakumpa kitu. Hiyo dawa ndiyo iliyomuua. Cheti kile kilikuwa cha Nathanaeli peke yake, na muda wake ulikwisha zamani."

Ungo ulimponyoka. Mtama ulimwagika, naye hakuuokota.

"Nilibaki naye huyo tu," alisema.

Alifungua fundo la kanga, akatoa karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo. Simeoni aliitia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Kesi ikiisha mnirudishie," Martha alisema. "Sina karatasi nyingine yenye jina la mwanangu."

Simeoni alijua haitarudi; kielelezo kikiingia kwenye faili hakitoki.

"Tutakurudishia, mama."