Kanga ya Chini ya Meza

Foleni ya sabuni ilianzia mlangoni mwa duka la ushirika, Tarime mjini, ikapinda hadi kwa fundi baiskeli. Nyangi, muuza ndizi kutoka Nyarero, alifika mbele na gauni lake la maua mekundu, jasho likimtoka puani. Nyuma ya meza ya kuuzia, kijana mmoja aliegemea magunia ya chumvi, macho ameyafumba.

"Kaka, unauza au unalala?"

Abdurahmani akafumbua jicho moja. "Vyote viwili, dada. Mshahara ni uleule."

Watu wakacheka. Nyangi alikaza uso, lakini njiani akajikuta anatabasamu.

Tangu siku hiyo, kapu lake la ndizi likawa linapitia dukani kwanza.

"Zamani nilikuwa nafuta kioo hiki cha dirisha kila asubuhi," Abdurahmani alimwambia. "Meneja akaniuliza namfutia nani. Nikamwambia wakulima wanataka majembe, akaleta miavuli. Vitu vizuri vinakwenda kwa rafiki zake. Basi, mkono ukachoka wenyewe."

"Mbona kupokea ndizi hauchoki?"

"Hizo zako ni tamu, mpenzi."

Hakuwahi kumwita hivyo. Nyangi akainama, akajifanya anapanga ndizi.

Kisha kanga zikaja. Mama yake Nyangi alipanga foleni tangu alfajiri, akaambiwa zimekwisha. Jioni Abdurahmani akamkabidhi Nyangi kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na kanga ya manjano, bado inanukia upya.

"Nilikufichia chini ya meza."

Nyangi akaikunja tena, taratibu. "Mama yangu alisimama juani kutwa. Ukamwambia zimekwisha. Wewe mwenyewe."

"Ni kwa sababu nakupenda."

"Na meneja anawapenda rafiki zake."

Akaiacha mezani. Tangu hapo alipita upande wa pili wa barabara.

Lori lilipoleta kanga nyingine, meneja, Mzee Wangwe, akaagiza nusu zifichwe kama kawaida. Abdurahmani akazipanga zote juu ya meza.

"Utafukuzwa kazi, kijana."

"Sawa, mzee. Ila leo niache niuze."

Wanawake kwenye foleni walikuwa wamesikia. "Mfukuze," alisema Mama Rhobi, jirani wa akina Nyangi, bila kupaza sauti. "Sisi wanachama tutaitisha mkutano, utueleze kwa nini."

Wangwe akaingia ofisini, akafunga mlango.

Habari zilifika sokoni upesi. Nyangi alipofika dukani, foleni ilikuwa imekwisha. Kioo kilikuwa kimefutwa. Alijiona ndani yake, na nyuma ya sura yake akamwona Abdurahmani amesimama wima, mikono ya shati ameikunja.

"Kanga zimekwisha," Abdurahmani alisema. "Kweli zimekwisha. Mama yako ameondoka nayo moja. Nimebaki mimi."

"Na wewe umefichwa chini ya meza?"

"Niko juu. Angalia."

Nyangi akamwangalia, hakuinamia kapu.

"Basi njoo kwa baba," akasema. "Uje mchana, watu wakuone."