Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Ilianza kama harufu. Kila Danson alipofungua buti la gari la bosi aliyemwendesha pale mtaani Al-Hamra, alipigwa na harufu ya moshi wa kuni na mbuzi walionyeshewa, na Jeddah mvua ilikuwa imesahaulika. Akasugua buti kwa sabuni. Harufu ikarudi kabla zulia halijakauka.

Ijumaa iliyotangulia, bosi alimwachia gari, naye Danson akapanda milima ya Taif na rafiki yake Wesley, mlinzi aliyehamia kutoka Riyadh, kwa ile barabara ya pembeni ya wasio Waislamu, inayoikwepa Makka. Wesley alijifunza mchezo wake kwa Wazungu aliowalindia geti Riyadh: unaficha kijisanduku msituni, na atakayekipata anapiga mhuri wake ndani, kisha anakirudisha palepale. Danson alijichongea mhuri kwa soli ya ndara kuukuu: nyumba, na chini yake neno NJORO. Nyumba hiyo, aliyokuwa akiijenga kwao Njoro, Kenya, ndiyo ilikuwa roho yake. Utumwa wote wa Saudia, yalla huku, yalla kule, aliuvumilia kwa ajili yake, na mkewe Fridah na binti yao Ashley walikuwa wamehamia hata kabla ya plasta.

Chini ya mitarakwa, mitarakwa ile ile ya kwao, kulikuwa na ukuta wa kale wa mawe yaliyopangwa bila saruji.

"Ukuta usiguse, bro," Wesley alimwonya. "Hiyo ndiyo sheria ya game. Kisanduku kinakaa kwa mizizi."

Kisanduku kikakaa kwa mizizi, kimepigwa mihuri yao. Lakini gari lilikuwa mteremkoni na hendibreki yake haikuaminika, naye Danson, kichwa ngumu, alikuwa ameshafanya kile madereva wa kwao hufanya bila kufikiri: alichomoa jiwe moja jeusi ukutani akaliweka nyuma ya gurudumu. Wakati wa kuondoka akalitupa kwenye buti, litamfaa siku nyingine.

Jumatatu adhuhuri, akiwangoja watoto wa madam, mke wa bosi, nje ya shule, buti likagongwa kwa ndani. Polepole. Kisha sauti kavu ikasema, kwa kile Kiarabu kibovu cha vibarua, "Ana beti mafi."

Yaani, mimi sina nyumba. Danson alitoka nje mbio, akaacha mlango wazi. Simu yake ikalia.

"Baba Ashley," Fridah alinong'ona, "jiwe limetoka kwa ukuta wa chumba cha mtoto. Lile tunachoranga urefu wake. Hata vumbi hakuna, na kunanuka moshi na mbuzi."

"Mtoe Ashley huko. Mtoe sasa hivi!"

Danson aliwangoja watoto akiwa amesimama mbali na buti. Alipowafikisha watoto nyumbani alimdanganya madam kwamba gari linahitaji fundi, akampitia Wesley mtaani Bani Malik, wakashika njia ya mlimani, na njia nzima buti liligongwa, kwanza pole, kisha kwa hasira, hata Danson akaongeza sauti ya nyimbo za injili, na kadiri alivyoongeza ndivyo kile kilichokuwa nyuma kilivyogonga kwa nguvu zaidi, mpaka walipoona mitarakwa na kukawa kimya ghafla.

"Lirudishe, Danso. Omba msamaha, tuende," Wesley alimhimiza.

Ukutani, pengo la lile jiwe halikuwepo. Mahali pake palikaa jiwe la kuchongwa kwa mashine, jiwe la Njoro, lina mistari ya penseli na jina ASHLEY kwa mwandiko wa Fridah. Danson alilivuta hadi kucha zikatoka damu, halikutikisika. Kisanduku kilikuwa wazi pale mizizini, na mhuri wake, ile nyumba, ulikuwa umefunikwa na alama ya kiganja cheusi. Anwani alikuwa ameiacha mwenyewe.

Wesley alifungua buti. Lilikuwa tupu, hata harufu haikuwemo.

Danson akapiga simu nyumbani. Ilipokelewa na Ashley.

"Baba, shimo limezibwa! Na jiwe jeusi."

"Mama yako yuko wapi? Mko chumba gani?"

"Changu. Nilirudi kuona shimo, Mama akaja kunitoa." Nyuma yake Fridah alikuwa akilia na kupiga mlango kwa mikono. "Baba, beti ni nini? Huyu wa ukutani anasema hii beti ni yake. Na Mama ameshindwa kufungua mlango."