Ngazi za Bibi Pasi

Mtaani walimwita Bibi Pasi. Kazi yake ilikuwa kunyoosha nguo za watu kwa pasi ya mkaa. Hakuna aliyenyoosha kola kama yeye, na mwenyewe hakuchoka kulisema hilo.

Kibanda chake kilitazamana na jengo refu. Binti yake na mumewe waliishi humo, ghorofa ya tano. Walikuwa na mtoto mchanga, mjukuu wake wa kwanza. Likizo ya uzazi ilikuwa inakaribia kwisha, na Bibi Pasi alikuwa ameahidi kumlea mtoto mchana.

Tatizo lilikuwa ngazi. Lifti ya jengo ilikufa zamani, na hakuna aliyekumbuka mazishi yake.

Bibi Pasi alikuwa na mbinu yake. "Ngojangoja huumiza matumbo," alisema. Alijifunga kibwebwe, akajaza hewa kifuani, akafumba mdomo, akazivamia ngazi mbio. Aliamini kwamba akifungua mdomo, nguvu zitatoka na pumzi.

Asubuhi moja alipanda hivyo hivyo. Ghorofa ya kwanza alipita kama msichana. Ya tatu, mapaja yalianza kuwaka moto. Alifika mlangoni akihema, magoti yakimtetemeka. Akanyoosha mikono.

"Nipe... mjukuu... wangu."

Binti yake alimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi. "Mama, unatetemeka. Keti kwanza. Ukimwangusha je?"

Bibi Pasi aliketi. Maneno yale yalimuuma kuliko mapaja. Binti huyu alilelewa mgongoni mwake, pasi ikiwa mkononi. Leo hamwamini!

"Labda tutafute msichana wa kumlea mtoto," mkwe wake alisema kwa upole. "Umri nao, mama, umekwenda."

"Umri ni wangu, mkwe wangu. Niachie mwenyewe."

Alishuka akijifuta machozi. Ghorofa ya pili alikutana na jirani yao, mama mmoja anayefundisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini.

"Shikamoo mama. Mbona unalia?"

"Marahaba, mwanangu. Nimenyimwa mjukuu." Akamsimulia yote.

Jirani alimsikiliza mpaka mwisho. "Kifua kinakuuma ukipanda? Unapata kizunguzungu?"

"Hapana. Miguu tu, na pumzi."

"Vizuri. Hata hivyo, kesho twende ukapimwe presha na moyo. Tusianze mazoezi kwa kubahatisha."

Walikwenda. Daktari alimpima, akamruhusu kufanya mazoezi. Siku iliyofuata jirani alikuja kibandani, akamkuta anawasha pasi.

"Mama, unaanza na nini?"

"Karatasi. Inashika mara moja, inakwisha mara moja. Halafu vijiti. Halafu mkaa, na mkaa unataka hewa."

"Nikiziba matundu ya pasi?"

"Utauzima mkaa! Nani kakufundisha kazi?"

Jirani alicheka. "Basi mwili wako nao uko hivyo. Misuli ina akiba ndogo ya nguvu iliyo tayari. Hiyo ni karatasi. Ukienda mbio inakwisha kwa sekunde chache. Ukizidi kukaza mwendo, misuli huchoma sukari haraka, bila kungoja oksijeni ya kutosha. Hivyo ni vijiti. Nguvu unapata, ila haidumu, na mapaja yanawaka."

"Yaliwaka kweli. Na mkaa?"

"Mkaa ni mwendo wa taratibu. Oksijeni inatosha, na misuli inachoma mafuta na sukari polepole. Hapo unakwenda mbali. Vyote vitatu hufanya kazi pamoja, lakini ukali wa zoezi ndio unaoamua kipi kibebe mzigo mkubwa. Wewe ulipanda kwa vijiti, tena ukaziba matundu!"

Bibi Pasi aliipepea pasi yake mpaka mkaa ukakolea. "Sasa nitajuaje niko kwenye mkaa?"

"Kwa mdomo wako. Ukiweza kuongea sentensi nzima, uko salama. Ukianza kutoa neno moja moja, punguza mwendo."

"Yaani dawa yangu ni kuongea?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona ningejua, ningepona zamani!"

Walianza na ghorofa moja, kwa mwendo wa polepole. Wakapumzika, wakashuka. Siku chache baadaye wakaongeza kidogo. Siku nyingine Bibi Pasi alijisahau akaanza mbio, na jirani akamwuliza habari za kola. Akikosa pumzi ya kujibu, alijua amezidisha.

"Ukizoea," jirani alimwambia, "moyo unasukuma damu nyingi zaidi, na misuli inajifunza kutumia oksijeni vizuri. Mwendo uliokuwa unakuchosha utakuwa wa mkaa tu."

Wiki zikapita. Siku ya binti kurudi kazini ikafika. Mkwe alikuwa ametoka kununua mkate. Alimkuta Bibi Pasi na jirani kwenye ngazi, akawapita mbio ili atangulie.

Sauti ya Bibi Pasi ilisikika tangu ghorofa ya pili. Alikuwa anamsimulia jirani kisa cha shati moja lililoungua. Alifika juu kisa hakijaisha. Mkwe alikuwa ameshika ukuta, ulimi nje.

"Shi... shi..."

"Marahaba," Bibi Pasi alimjibu. "Vuta pumzi kwanza, utamalizia."

Binti alicheka. Kisha alitazama magoti ya mama yake. Yalikuwa yametulia. Akaitazama na mikono ya mama. Nayo ilikuwa imetulia.

Hakusema "keti kwanza." Alimweka mtoto mikononi mwa mama yake, akachukua mkoba, akaenda kazini.