Mwalimu Aliyewanyamazisha Wacheza Dansi

Duka la spika na waya lilifurika Jumamosi ile kiasi kwamba mtu akitaka kupiga chafya ilibidi aombe nafasi. Muuzaji mmoja, wateja thelathini, na waya mmoja tu wa mikseta uliobaki ukining'inia ukutani. Mikono miwili iliudaka kwa pamoja.

Wa kwanza ulikuwa na bangili saba na kucha za njano. Mwenyewe ni Dijei Tetemeko, aliyevaa suruali ya jinzi iliyopauka na shati la kiume lililofungwa fundo kiunoni. Wa pili ulikuwa na vumbi la chaki. Huyo ni mwalimu wa kemia katika shule ya bweni, shati limepigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata karatasi.

"Kaka, achia."

"Dada, mimi ndiye niliyeugusa kwanza."

"Wa kazi gani?"

"Spika ya shule. Bila spika inabidi niwatulize wanafunzi mia sita kwa koo langu."

"Koo unalo. Mimi kesho alasiri nina ukumbi mzima, na bila waya huu watacheza nikiwapigia mluzi."

Mwalimu akaachia. Wajuzi wa mambo ya moyo wanakubaliana kwamba mwanamume anayeachia waya wa mwisho dukani amekwisha, kilichobaki ni kumpa namba ya simu. Akapewa.

Wiki nne zilizofuata zilipita kwa simu.

"Haloo, mzee wa tindikali."

"Haloo, mpenzi. Umekula?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Sauti haina vitamini. Kula."

"Eti vitamini! Mapenzi gani haya ya maabara?" Tetemeko akacheka, kisha akashusha pumzi. "Jumapili Mama Ukumbi ananipima mimi na Dijei Radi. Mmoja ndiye atakayepewa Jumapili zote. Naitaka kazi hii kuliko kitu chochote. Lakini miguu, mpenzi! Inawaka moto. Nikifika wimbo wa mwisho nitakaa hata juu ya spika."

"Nitakuja kukutetea," akasema Mwalimu, kwa nia safi kabisa. Maafa mengi duniani yameanzia hapo.

Kipimo cha Mama Ukumbi, mwenye ukumbi wa dansi, kilikuwa kimoja. Baada ya wimbo wa mwisho dijei hushusha sauti, huvua hedifoni na kujifanya anakunja waya. Watu wakipiga kelele "Tena! Tena!" huvaa hedifoni upya na kuwaongezea wimbo. Ni kama posa: mmoja anajidai kuondoka, wengine wanambembeleza. Dijei asiyebembelezwa harudi. Jambo hili kila mtu mjini analijua, isipokuwa waliotumia ujana wao kuchemsha chumvi.

Jumapili ikafika. Tetemeko aliwarusha watu kwa saa tatu, wanaume wakalegeza tai, wanawake wakashika viatu mkononi. Saa kumi na mbili kasoro akashusha sauti, akavua hedifoni.

"Tena! Tena!" Meza zikapigwa, sakafu ikapigwa.

Mwalimu akatazama, naye hakuona posa. Aliona umati unamtesa mfanyakazi aliyechoka. Akapanda juu ya kiti.

"KIMYA!"

Ukumbi ukazizima. Meneja mmoja wa benki akaficha soda yake nyuma ya mgongo.

"Dada huyu amesimama saa tatu. Hamna huruma? Tokeni kwa utaratibu, mstari mmoja, walio nyuma watangulie!"

Watu wazima, wenye watoto na mikopo, wakatoa mikono mifukoni na kupanga mstari. Bwana mmoja aliomba kwanza ruhusa ya kwenda msalani.

Mama Ukumbi akaitazama sakafu tupu. "Pole, mwanangu. Watu wako wameondoka kama wametoka kwenye mtihani. Jumapili nimempa Radi."

Tetemeko akamgeukia Mwalimu, macho yamemjaa machozi. "Umenifukuzia watu!"

"Nimekuokoa! Si ulisema miguu..."

"Miguu ni yangu! Ile 'tena' ndiyo niliyoifanyia kazi mwaka mzima. Usinipigie simu."

Hakumpigia. Badala yake, Jumatatu alikwenda kwa Mama Ukumbi.

"Shikamoo, mama. Kosa ni langu, si lake."

"Marahaba. Kumbe ni wewe? Nilidhani ni askari!"

"Kwetu shuleni mtu akimaliza tunampigia makofi, tunamwacha aende zake."

Mama Ukumbi akacheka mpaka akavua miwani. "Radi nimeshampa neno langu, na silirudishi. Ila binti anaweza kumfungulia jukwaa, nusu saa. Na anayefungua haombwi 'tena', mjue. Muda unaofuata ni wa mwenzake. Wewe usikanyage humu ndani."

"Nitasimama nje, mama."

Jumapili ya pili Tetemeko alivaa gauni jekundu na hasira zake zote. Nusu saa ilipokwisha, ukumbi ulisahau adabu. "Tena! Tena!" Radi, ndani ya koti linalometameta, alisimama pembeni na hedifoni shingoni, uso umemvimba. Kidole cha Tetemeko kikaelea juu ya kitufe. Wimbo mmoja tu, na ukumbi ungekuwa wake.

Akashika maikrofoni. "Wapenzi wangu, asanteni. Lakini dakika hizi ni za Dijei Radi. Kama mnanipenda, mpokeeni yeye."

Makofi yakalipuka. Radi, aliyejiandaa kwa vita, akajikuta anampa mkono.

Jioni Mama Ukumbi akamwita. "Wanaoitwa 'tena' wakakubali ninao tele. Aliyeitwa akamheshimu mwenzake, ni wewe wa kwanza. Radi mwenyewe amesema mgawane: Jumapili moja yako, moja yake. Na nusu saa ile mshukuru yule bwana aliyekuja kukiri kosa. Yuko nje tangu saa nane."

Alimkuta amebandika sikio ukutani, shati zuri limejaa chokaa.

"Unafanya nini hapo?"

"Nilikuwa nakusikiliza. Ukuta unapitisha besi tu. Kwenye wimbo wa tatu jino langu moja lilicheza."

Tetemeko akabana kicheko, kikamshinda. "Mbona hukuniambia umeniombea?"

"Ulinikataza kupiga simu."

"Haya, mtiifu. Siku nyingine ukiona nateseka utafanya nini?"

"Nitakuuliza kwanza."

"Kumbe akili unazo."

"Basi nauliza. Utakubali nikakutambulishe kwa mama? Nimemwambia nataka kuoa. Amesema akuone upesi, kabla sijaharibu jambo jingine."

Tetemeko akamkung'uta chokaa begani, polepole, mpaka isibaki hata punje.

"Mama yako anapenda mkwe wa namna gani?"

"Anayeamkia kwa sauti."

"Nitaamkia mpaka majirani waitikie marahaba."

Akasimamisha teksi mwenyewe, akafungua mlango na kumsukumia Mwalimu ndani kabla hajabadili mawazo.